Ramani ya mwendo: maswali yenu kuhusu ubongo kabla ya upasuaji

Makala yetu juu ya uvimbe wa ubongo imeleta barua nyingi kutoka kila komine ya Lubumbashi, na karibu zote zinarudi kwenye jambo moja: kabla ya kupasuliwa, mgonjwa anatumwa kutafutiwa "eneo la mwendo", yaani sehemu ya ubongo inayoamrisha mkono, mguu na uso. Tumejibu zile zinazogusa watu wengi zaidi.

Bwana wangu ana miaka 41. Tangu mwaka jana kidole gumba cha mkono wa kuume kinarukaruka chenyewe kwa dakika moja au mbili, halafu mkono unabaki mzito. IRM (picha ya mashine ya sumaku) ilionyesha uvimbe upande wa kushoto. Sasa dokta ameandika tutafute IRM ya utendaji na traktografia kabla ya upasuaji. Bei imetutisha. Bila vipimo hivi hawawezi kumpasua?
*Mama wa watoto wanne, Katuba*

Mama, hicho kidole gumba kimekwisha kutoa habari kubwa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kuume wa mwili, kwa kuwa nyuzi nyingi za mwendo huvuka kwenda upande wa pili zinapofika sehemu ya chini ya shina la ubongo. Amri zenyewe huanzia kwenye mkunjo mmoja wa gamba la ubongo (tabaka lake la nje), ulio mbele tu ya mfereji wa kati, ule ufa mrefu unaoshuka pembeni mwa ubongo. Mguu uko juu, kwenye ukuta wa ndani pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana. Mkono uko nje yake, na uso uko chini zaidi pembeni. Mkono na uso vimechukua nafasi kubwa kuliko mgongo na paja, maana kazi zake ni za ustadi. Kurukaruka kwa namna hiyo ni kifafa, na kifafa kinachoanzia kwenye kidole gumba kila mara kinamwambia daktari, hata kabla ya picha, kwamba tatizo liko jirani na sehemu ya mkono.

Hata IRM ya kawaida inaonyesha mengi. Kwenye picha iliyokatwa kwa mlalo, sehemu ya mkono ina kinundu chenye umbo la herufi omega ya Kigiriki (Ω). Mtafiti Yousry na wenzake walikieleza mwaka 1997, na jicho lililozoea hukipata haraka. Shida ni kwamba uvimbe husukuma mikunjo, maji yanayouzunguka huibana mpaka mifereji ikafutika, na uvimbe unaokua polepole kwa miaka unaweza kufanya kazi fulani zihamie pembeni. Daktari anajua eneo hilo liko wapi kwa watu kwa jumla. Anachotafuta ni mahali lilipo kwa bwana wako, leo.

IRM ya utendaji hufanyika hivi: mgonjwa analala ndani ya mashine, anachezesha vidole kwa sekunde 20 hadi 30, anapumzika muda kama huo, kisha anarudia, jumla dakika 4 au 5 kwa kila zoezi. Sehemu ya ubongo iliyofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inavyotumia, na alama ya mashine hupanda kwa asilimia chache tu. Kwa hiyo mashine haioni amri ya neva. Inaona damu iliyofuata amri. Hapo ndipo kasoro yake inapoanzia. Karibu na uvimbe mishipa ya damu mara nyingi imevurugika na haiitikii, hivyo sehemu inayofanya kazi vizuri inaweza kuonekana kimya. Ukimya wa picha si ruhusa ya kukata. Tena, ukubwa wa doa la rangi unategemea kiwango alichochagua mtu aliyekaa kwenye kompyuta: akikipandisha, doa linasinyaa, akikishusha, linatapakaa. Mtu akikupimia kwa rula kutoka ukingo wa rangi hadi ukingo wa uvimbe na kukuambia "ni milimita saba kamili", muulize alitumia kiwango gani.

Traktografia ni kitu kingine. Hiyo hufuatilia jinsi maji yanavyosogea kando ya nyuzi nyeupe zinazoshuka kutoka kwenye gamba hadi shina la ubongo, kisha kompyuta huchora njia. Kwa hesabu inahitaji kupima angalau pande 6, lakini kazi nzuri hutumia 30 au zaidi. Pale penye maji mengi ya uvimbe mchoro hukatika, ingawa nyuzi zenyewe bado zipo. Na mchoro huo unaonyesha njia bila kusema kama bado inapitisha amri.

Sasa swali lako la fedha. Kama uvimbe uko mbali na mkunjo wa mwendo na njia yake, vipimo hivi havibadilishi kitu. Kama unagusa, vina faida, lakini si vyote kwa uzito mmoja. Fedha ikiwa chache, sisi tungeipanga hivi. Kwanza IRM nzuri ya kawaida: picha za aina iitwayo T1 zenye unene wa milimita 1 bila nafasi kati yake, kabla na baada ya sindano ya gadolini (dawa inayong'arisha picha), pamoja na za aina iitwayo FLAIR, zote kwenye CD kwa DICOM, mfumo wa picha unaosomwa na kompyuta za hospitali. Filamu peke yake, au picha ya filamu iliyopigwa kwa simu, haiingii kwenye kompyuta ya chumba cha upasuaji. Pili, na hili ndilo zito kuliko yote, timu ya upasuaji yenye kifaa cha kuuchochea ubongo kwa umeme mezani na mtu anayejua kusoma majibu ya misuli. Traktografia huongeza dakika chache tu kwenye IRM ileile, kwa hiyo uliza bei ya kufanyiwa vyote siku moja. IRM ya utendaji tungeiweka mwisho. Kuilipia, kisha kwenda kupasuliwa mahali pasipo kifaa cha kuchochea, hakumlindi bwana wako.

Kwa dokta mpelekee maswali haya: uvimbe unagusa mkunjo wenyewe, au njia iliyo chini yake? Mezani mtachochea kwa kifaa gani? Na lengo ni kuutoa wote, au kuacha kipande kilichoshikamana na njia ya mwendo?

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Wiki ijayo nitaingia kwenye IRM ya utendaji. Naogopa lile pango, na nimeambiwa nitachezesha vidole. Miaka ya nyuma cheche ya chuma iliniingia jichoni, ila ilipona. Nijiandae vipi?
*Fundi, Ruashi*

Tuanze na jicho, ndugu fundi, maana hilo ndilo hatari ya kweli. Kipande cha chuma kilichobaki jichoni, hata kidogo kisichouma, kinaweza kuvutwa na sumaku, kikasogea na kukata ndani. Mwambie fundi wa IRM kabla hujafika mlangoni. Utapigwa eksirei ya matundu ya macho kwanza. Chuma kikionekana, huingii. Sema pia kama una kipande cha risasi mwilini, kibanio cha mshipa wa damu kichwani, au kifaa cha moyo. Usingoje kuulizwa.

Zoezi lenyewe lifanye nyumbani kila jioni. Lala chali, mkono ukiwa umelala kando ya mwili. Gusa kidole gumba na kila kidole kwa zamu, mguso mmoja kwa sekunde, kwa sekunde 20; kisha tulia kabisa sekunde 20. Mtu wa nyumbani akutazame. Makosa yanayoharibu picha ni haya: kichwa kinatikisika pamoja na vidole, bega linafuata, mkono wa pili unaiga, au vidole vinaendelea kucheza chinichini wakati wa kupumzika. Kichwa kikisogea milimita chache tu, rangi za uongo hujitokeza kwenye ukingo wa ubongo, na zoezi zima hurudiwa. Wengine hubana pumzi wanapojitahidi. Hilo nalo hubadilisha damu ya ubongo wote.

Kama vidole vimelegea na haviwezi kugusana, funga na kufungua ngumi polepole. Hata hilo likishindikana, fundi anaweza kukuchezesha mkono yeye mwenyewe. Picha ya namna hiyo huonyesha zaidi eneo la hisia lililo nyuma ya mfereji wa kati, lakini mfereji wenyewe unapatikana. Kwa mguu, chezesha vidole vya mguu au kifundo peke yake. Ukikunja goti, nyonga inasukuma mwili na kichwa kinafuata. Kwa uso, bana midomo mbele na kuiachia, bila kufungua taya.

Kuhusu pango: utapewa viziba masikio na kitufe cha kubonyeza ukitaka kutolewa. Omba kioo kidogo kinachokuonyesha nje ya mashine, au funika macho kabla hujasogezwa ndani. Usimeze dawa ya usingizi bila kumuuliza daktari, kwa sababu aliyelala hawezi kufanya zoezi.

Darasani tumesikia kuna mashine inayopiga ubongo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, mkono ukaruka. Inafanyaje kazi, na vipimo vyake ni vipi?
*Mwanafunzi wa uuguzi, Kampemba*

Mashine hiyo Anthony Barker na wenzake waliionyesha Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Koili (waya uliozungushwa) yenye umbo la nane huwekwa juu ya kichwa, umeme mkali hupita ndani yake kwa muda usiofika milisekunde moja, na sumaku inayozaliwa huamsha umeme mdogo kwenye gamba la ubongo. Haumizi, mtu anasikia mlio na kama kupigwa kidole kichwani. Nguvu yake hushuka haraka kadiri inavyoingia ndani, ndiyo maana hufika sentimita 2 au 3 tu.

Kwa upasuaji hutumika ile inayoongozwa na picha. Kwanza kichwa cha mgonjwa hulinganishwa na IRM yake: kamera huona alama kwenye mkanda wa kichwani, na mfanyakazi hugusa mzizi wa pua na alama za masikio kwa kalamu maalumu. Kisha elektrodi, yaani vibandiko vinavyosoma umeme wa msuli, hubandikwa: moja juu ya tumbo la msuli, nyingine kwenye kano, na ya ardhi kando. Kwa mkono huchaguliwa msuli wa kidole gumba, wa kidole cha shahada na wa kidole cha mwisho. Kwa mguu, msuli wa mbele ya muundi. Ngozi isuguliwe kwa alkoholi kwanza, la sivyo mstari unajaa mikwaruzo.

Anayepima hutafuta mahali panapotoa jibu kubwa kuliko pengine, huku mpini wa koili ukielekea nyuma na pembeni kwa nyuzi 45 hivi, ili umeme ukate mfereji wa kati. Hapo hupima kizingiti cha mgonjwa: nguvu ndogo kabisa inayotoa jibu la angalau mikrovolti 50 mara 5 katika mapigo 10, msuli ukiwa umelegea. Kisha hupandisha nguvu hadi asilimia 105 au 110 ya kizingiti hicho na kutembea na koili milimita chache kila mara, akiuzunguka uvimbe. Jibu la mkono hufika baada ya milisekunde 20 na kitu. La mguu huchelewa zaidi kwa kuwa njia ni ndefu. Pahali palipojibu hupewa rangi moja, pasipojibu nyingine, na zote mbili zina thamani. Kizingiti cha upande mgonjwa hulinganishwa na cha upande mzima. Vikiachana sana, ubongo wa mwendo umekwisha kuguswa na ugonjwa.

Faida yake juu ya IRM ya utendaji ni hii: msuli ukiruka, umethibitisha kwamba kutoka pointi hiyo hadi kidoleni njia iko hai. Ikilinganishwa na uchochezi wa moja kwa moja mezani, hutofautiana kwa milimita kadhaa, kwa kawaida chini ya sentimita moja.

Yanayoharibika, nawe kama muuguzi utayaona mapema kuliko daktari: mkanda wa kichwani ukiteleza, ramani nzima inahama bila mtu kujua, kwa hiyo gusa alama upya kila baada ya muda. Koili ikiinama upande mmoja, nguvu inapungua. Mgonjwa akisinzia, kizingiti kinapanda. Dawa kama karbamazepini na fenitoini pia hukipandisha. Meshi nene na misuko mikubwa huinua koili mbali na fuvu, basi nywele zifumuliwe siku moja kabla. Asiyefaa ni mwenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au chuma chenye kuvutwa na sumaku kichwani. Na kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawa wana kifafa, oksijeni, kifyonza mate na diazepamu viwe chumbani, hata kama pigo mojamoja ni nadra kuleta mshtuko.

Yaya wangu atapasuliwa kichwa akiwa macho. Familia imegawanyika, wengine wanasema ni ukatili. Atasikia kila kitu?
*Mdogo wake, komine ya Kenya*

Nyama ya ubongo yenyewe haisikii maumivu. Kinachouma ni ngozi ya kichwa na utando mgumu unaofunika ubongo, na hivyo hutiwa ganzi kwa sindano kuzunguka neva za kichwa. Mara nyingi mgonjwa hulazwa usingizi wakati wa kufungua fuvu, huamshwa wakati wa kupima, kisha hulazwa tena. Atasikia sauti, ubaridi na uchovu wa kulala mkao mmoja. Mito laini chini ya nyonga na magoti ina kazi kubwa siku hiyo.

Lakini kwa mwendo peke yake si lazima awe macho. Kuwa macho kunahitajika zaidi pale usemi, au kazi za ustadi za mkono, ziko karibu na uvimbe. Aliyelala kabisa naye anaweza kupimwa, mradi mtaalamu wa nusukaputi aache dawa za kulegeza misuli baada ya kuweka bomba la pumzi, na atumie propofoli na remifentanili kwa dripu badala ya gesi, kwa sababu gesi hupunguza majibu ya misuli. Kitambaa laini huwekwa kati ya meno. Taya hubana ghafla wakati wa uchochezi, na bila kitambaa ulimi unaweza kukatwa.

Mezani kazi inaenda hivi. Kwanza ukanda wa elektrodi hulazwa juu ya gamba na neva ya kifundo cha mkono huchochewa. Baada ya milisekunde 20 hivi wimbi huonekana likiwa hasi nyuma ya mfereji wa kati na chanya mbele yake. Pale wimbi linapogeuka ndipo mfereji ulipo. Kisha daktari hugusa gamba. Kuna kifaa cha ncha mbili zilizoachana milimita 5, kinachotoa mapigo 50 au 60 kwa sekunde, kikianza na miliampea 1 au 2 na kupandishwa kidogokidogo. Kwa aliye macho mara chache huzidi 6. Kuna cha ncha moja, kinachotoa msururu wa mapigo 5, kila pigo nusu milisekunde, likifuatwa na jingine baada ya milisekunde 4. Hiki cha pili huleta kifafa mara chache zaidi, na ndicho kinachofaa chini ya gamba: miliampea 1 inayotosha kuamsha msuli ni takriban milimita 1 hadi kwenye njia ya mwendo. Msuli ukijibu kwa 10, bado pana nafasi. Ukijibu kwa 5, mkono wa daktari unapunguza mwendo. Wengi husimama hapo, na wenye uzoefu mkubwa hushuka hadi 3 au 2. Kifafa kikitokea, uchochezi husimama na maji baridi ya Ringer (maji ya chumvi ya dripu) humwagwa juu ya ubongo. Kwa kawaida hutulia.

Mtauliza, kama ramani ilichorwa wiki moja kabla, kwa nini kurudia haya yote? Kwa sababu fuvu likifunguliwa na maji yake kutoka, ubongo huzama, wakati mwingine sentimita moja na zaidi, na picha iliyo kwenye kompyuta haizami pamoja nao. Ramani ya kabla humsaidia daktari kuchagua mahali pa kufungua na njia ya kuingilia. Mpaka wa kusimama huamuliwa na majibu ya misuli.

Tata alipasuliwa upande wa kushoto. Walituambia njia ya mwendo haikuguswa. Ameamka, mkono na mguu wa kuume haviendi, na hasemi neno. Tulidanganywa?
*Binti, Kamalondo*

Pole, dada. Inawezekana kabisa mliambiwa ukweli. Mbele ya sehemu ya mguu, kwenye ukuta wa ndani, kuna eneo linaloandaa mwendo kabla haujaamrishwa. Likiguswa upande wa kushoto, mgonjwa huamka bila kuanzisha mwendo wa upande wa kuume, na mara nyingi bila kusema. Misuli hailegei kabisa, na unaweza kuona mkono ukisogea wenyewe bila yeye kukusudia. Wengi huanza kurudi katika siku au wiki chache, na sehemu kubwa ndani ya miezi 3. Kinachobaki nyuma ni ustadi wa kutumia mikono miwili pamoja. Ombeni kuona taarifa ya upasuaji: je, mwishoni majibu ya misuli yalikuwa bado yapo? Kama yalikuwepo kwa ukubwa uleule, matumaini ni mazuri.

Tofautisha na hili: mgonjwa aliyekuwa anachezesha mkono vizuri, kisha baada ya saa kadhaa unalegea, kichwa kinauma, anatapika au anasinzia. Hiyo yaweza kuwa damu iliyovuja au ubongo unaovimba, na anatakiwa skana saa hiyohiyo. Vilevile kuna mishipa midogo ya damu inayolisha njia ya mwendo ambayo hakuna ramani tuliyoitaja inayoionyesha. Ikiziba, udhaifu unaweza kudumu hata kama hakuna uzi uliokatwa.

Wakati mnangoja, mgeuzeni kila baada ya saa 2, nyoosheni viungo vyake vyote mara kadhaa kwa siku, na msimwinue kwa kuvuta mkono uliolegea, maana bega huteguka.

Kwa kifupi

*Tunavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kupimwa Zambia. Tubebe nini?* CD ya IRM na nakala yake kwenye USB, barua ya daktari, majibu ya kreatinini (kipimo cha figo) ya karibuni kama atachomwa gadolini, na dawa za kifafa za safari nzima na siku kadhaa za ziada, zikae kwenye mkoba wa mkononi. Foleni ya mpakani inaweza kula nusu siku.

*Mtoto wa miaka 4 anaweza kupimwa hivi?* IRM ya kawaida na traktografia, ndiyo, akiwa amelazwa usingizi. Vidole kwa amri ni vigumu kwa umri huo, na kizingiti cha sumaku kiko juu sana kwa kuwa nyuzi bado hazijakomaa. Kwa watoto wadogo kazi kubwa hubaki mezani.

*Niache dawa ya kifafa siku ya kipimo ili mashine ione vizuri?* Hapana. Kuacha ghafla ndiko kunakoleta mshtuko mkubwa. Meza kama kawaida, andika jina la dawa, kipimo chake na saa uliyoimeza, umwonyeshe fundi kabla hajaanza.